Maelezo ya Karani Kuhusu Fundi Aliyeanguka Baada ya Bima Kuhamishwa

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Karani (ndivyo anavyoitwa kazini, jina kamili lipo kwenye jalada)
Umri: Miaka 18
Kazi: Karani katika ofisi ya mkandarasi wa majengo
Makazi: Chumba na sebule, nyuma ya mashine ya kusaga, pamoja na mama yake na wadogo zake wawili
Tarehe ya maelezo: 13, mwezi wa sita
Kuhusu: Kuanguka kwa fundi wa mabati

Afande ameniruhusu niandike kwa mkono wangu, kwa sababu nilipoanza kueleza kwa mdomo sauti ilikuwa haitoki na kila mara alilazimika kuniuliza "Nini?" Ameniagiza niandike niliyoyaona na kuyasikia, si ninayoyafikiria. Nitajitahidi.

Nilimaliza shule mwaka jana. Mkandarasi ninayemfanyia kazi ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza moja, mifuko ya saruji kwenye kona na dirisha linalofungwa kwa waya. Kazi yangu ni kupokea simu, kuandika mahudhurio ya mafundi na kupeleka vitu vidogo vinavyosahaulika saiti. Pia natumwa kwenye ofisi za watu, kwa sababu mjomba husema mimi nimesoma na yeye akiona foleni anapandwa na hasira.

Fundi aliyeanguka ni fundi wa mabati. Wenzake wanamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake. Ukimwambia afanye haraka anasema taratibu, ukimsalimia anajibu taratibu. Yeye si ndugu yetu, lakini amefanya kazi na mjomba tangu sijaanza shule.

Lazima nieleze habari ya bima kwanza, la sivyo mengine hayataeleweka.

Miradi ya mjomba ni mifupi. Anajenga ukuta, anaezeka paa, anapaka rangi, anaondoka. Mwezi wa pili mwaka huu alinituma kwa wakala wa bima kuuliza namna ya kuwakatia mafundi bima ya fidia wakiumia kazini. Wakala ni dada mmoja mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Nilikuwa nimeandika maswali kwenye kiganja ili nisisahau. Aliyaona, akacheka, akasema, "Karibu, mwanafunzi. Una mtihani leo?" Lakini alinieleza vizuri, na aliporudia mara ya pili hakuchoka.

Alisema mkandarasi wa kazi fupi fupi anaweza kukata bima ya mwaka mzima inayowafuata mafundi popote wanapokwenda. Mwanzoni inakadiriwa kwa mishahara anayotarajia kulipa, na mwisho wa mwaka inarekebishwa kwa ile aliyolipa kweli. Au anaweza kukata bima ya mradi mmoja, inayoanza na kazi na kufa siku ya makabidhiano. Hii ni nafuu, alisema, lakini akainua kidole: "Ukichukua hii, omba uongezewe kipindi cha marekebisho. Jengo likishakabidhiwa, mafundi wanarudi. Hakuna jengo wasilolirudia." Aliongeza kwamba wakati mwingine mkandarasi mdogo anaweza kuingia chini ya bima ya mkandarasi mkubwa, ikiwa mkataba unasema hivyo, ila mjomba huwa hafanyi kazi chini ya mtu.

Nilirudi nikamweleza mjomba yote. Alikuwa anakula, akasikiliza akitafuna.

"Mwaka mzima?" akasema. "Mimi nina kazi ya mwaka mzima? Nimlipie mtu bima akiwa amelala kwake?"

Nikamwambia, "Mjomba, mwisho wa mwaka wanarekebisha."

"Wanarekebisha kwenda juu. Umewahi kuona kitu kinarekebishwa kwenda chini?"

Nikamwambia basi achukue ya mradi pamoja na kipindi cha marekebisho. Akauliza marekebisho ni nini. Nikasema ni vile viraka, mafundi wanaporudi kuziba na kunyoosha.

"Viraka si kazi," akasema. "Viraka ni heshima. Unarudi kwa mteja kwa heshima. Nani anakata bima ya heshima?"

Baadaye nimegundua kwamba hata mafundi wenyewe wanaona hivyo. Siku za viraka hawajiandikishi kwenye mahudhurio, wala hawavai zile kofia ngumu. Wanasema, "Napita mara moja kwa mama fulani," kama mtu anayekwenda kusalimia.

Mjomba akachukua bima ya mradi, bila nyongeza. Kisha akagundua jambo ambalo mimi sikuliuliza. Kampuni ile ya bima humruhusu mkandarasi aliyekabidhi jengo kabla ya muda kuhamishia siku zilizobaki kwenye mradi unaofuata. Tangu hapo akawa anakimbilia makabidhiano. Rangi haijakauka, yeye anatafuta kalamu. Mafundi walikuwa wakimtania: "Bima yetu ni mwavuli mmoja, na bosi anatembea nao." Taratibu akaongeza siku moja, "Tatizo si mwavuli. Tatizo bosi anatembea haraka." Wote wakacheka, mjomba pia.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, siku ya Ijumaa, alasiri, tulikabidhi jengo la kituo cha kulelea watoto wadogo. Mjomba alikuwa ameweka paa jipya na mifereji ya maji ya mvua. Nilikuwepo. Mwenye kituo, ambaye watu wote humwita Mama Mlezi, alizunguka vyumba vyote taratibu. Kwenye chumba cha watoto kulala aliinua macho, akaonyesha doa darini, karibu na ukuta.

"Hili ni nini?"

"Rangi haijakauka, mama yangu," mjomba akasema.

"Rangi gani inakauka kwa kupanuka?"

"Mama, kukiwa na lolote, nipigie. Mimi sihami mji."

Mama Mlezi akasaini. Tulipotoka getini mjomba alimpigia wakala palepale akahamisha bima kwenda kwenye mradi wa ukuta wa ghala, ambao mafundi wengine walikuwa wameshaupandisha nusu. Jukwaa la vyuma lilipakiwa kwenye pikapu likapelekwa huko huko.

Jumapili mvua ilinyesha usiku kucha.

Mnamo tarehe 9, Jumatatu, saa tano asubuhi hivi, nilikuwa ndani ya pikapu pamoja na mjomba tukitoka kununua nondo. Mama Mlezi alipiga simu. Mjomba alikuwa anaendesha, hivyo aliniambia niishike simu na nifungue sauti. Mama Mlezi alisema maji yameingia chumba cha watoto na magodoro mawili yameloa. Hakupiga kelele, na nadhani hilo lilimuumiza mjomba zaidi. Alipokata, mjomba akaniambia nimpigie Taratibu. Nilibonyeza mimi, nikaishika simu mbele ya mdomo wa mjomba. Nanukuu nilivyosikia:

"Taratibu, uko wapi?"

"Ukutani, bosi. Nakoroga zege. Leo mmenifanya mpishi."

"Acha hicho. Kimbia kwa Mama Mlezi. Ule mfereji wa nyuma unamwaga ndani. Nusu saa tu, uzibe, urudi."

"Bosi, mimi na kukimbia wapi na wapi?"

"Nenda bwana! Karani anakuletea gundi na skrubu."

"Na jukwaa je?"

"Jukwaa liko kwenye ukuta, litashushwa saa ngapi? Pale pana ngazi ya mlinzi."

"Haya, bosi. Nakwenda."

Hayo ndiyo maneno. Hakuna aliyesema "ukipenda."

Mjomba alinishusha dukani, nikanunua gundi ya kuzibia na skrubu, nikaenda kwa miguu. Nilipofika kituoni Taratibu alikuwa ameshaegemeza ngazi ya mlinzi nyuma ya jengo. Ni ngazi ya mbao, na kipago kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Miguu ya ngazi ilikaa juu ya vigae vipya vya njia, ambavyo bado vilikuwa na maji. Nilimwuliza kama nimshikie. Akasema nishike, lakini nisisimame chini yake sawasawa.

Mama Mlezi alikuja akatuomba tufanye kazi kimya kimya kwa sababu watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Kwa hiyo Taratibu alikuwa akininong'oneza kutoka juu: "Skrubu." Nilimrushia pakiti, akadaka. "Kitambaa." Nikamrushia. Alikuta majani na kipande cha mfuko wa saruji ndani ya mfereji. Akaninong'oneza, "Huu mfuko ni wetu wenyewe," akatikisa kichwa.

Akajinyoosha kufikia kona. Ngazi ikateleza kwenye vigae. Niliishika kwa mikono miwili lakini ilinishinda, ikaniburura. Afande ameuliza kama niliiachia. Sikuiachia. Ngozi ya viganja ilichubuka na bado inaonekana.

Taratibu alianguka kwa upande, nyonga ikagonga ukingo wa mfereji wa sakafu. Hakupiga kelele. Sijui kama ni kwa ajili ya watoto au ni maumivu. Mimi nilifungua mdomo, naye akanishika sketi chini akasema, "Karani, wamelala." Kisha akafumba macho.

Mlinzi alimwita Mama Mlezi. Mjomba alifika haraka. Tulimlaza Taratibu juu ya godoro mojawapo lililoloa tukampakia kwenye pikapu. Njia nzima mjomba alikuwa akisema, "Ndugu yangu, ndugu yangu, vumilia." Alikuwa analia. Nataka hilo nalo liandikwe, kwa sababu ni kweli.

Hospitali walisema nyonga imevunjika na lazima afanyiwe upasuaji, na kwamba kupanda mapaa tena tusikuzungumzie kwa sasa. Tukiwa kwenye korido wakala wa bima alipiga simu, kwa kuwa mjomba alikuwa amemtumia ujumbe. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Nilimsikia mjomba akisema, "Ndiyo, leo. Ameanguka ukutani. Kwenye ghala." Akaniangalia, akageukia dirishani.

Jioni mjomba alikuja nyumbani kwetu. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, hakunywa hata maji. Alimwambia mama, "Dada, mwanao anatakiwa aseme neno moja tu. Ukutani bima ipo. Kwa Mama Mlezi bima haipo. Mimi sina uwezo wa kulipia upasuaji ule mfukoni mwangu, hata nikiuza pikapu. Namwokoa Taratibu, jamani. Simwibii mtu."

Mama alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Na wewe je? Hujiokoi?"

"Najiokoa pia. Kuna ubaya?"

Mama akanitazama mimi, akarudi kwenye nguo zake. Hakusema nifanye nini. Nilitamani aseme.

Asubuhi ya Jumanne alikuja mke wa Taratibu, ambaye ni fundi cherehani. Bado alikuwa na sindano mbili kifuani, amezichomeka kwenye gauni. Alinishika mikono yenye michubuko bila kujua kwamba inauma.

"Mwanangu, neno moja. Ukutani. Neno moja litakupunguzia nini?"

Nikamwambia, "Mama, hakuangukia ukutani."

"Najua hakuangukia ukutani! Kwani nyonga inajua imevunjikia wapi?"

Nilimwomba anipe mpaka mchana, nikaenda kwa wakala. Nilifikiri labda kuna njia ambayo sikuiuliza mwezi wa pili. Nilimwuliza kama kile kipindi cha marekebisho kinaweza kuongezwa sasa, kihesabiwe tangu Ijumaa.

Safari hii hakucheka. Alisema, "Ijumaa ingekuwa kujaza ukurasa mmoja tu. Mjomba wako alinipigia simu Ijumaa! Nilimwuliza, 'Hakuna mtu atakayerudi pale?' Akasema hakuna." Alipiga meza kwa kalamu. "Mimi nafanyaje sasa? Nirudishe mvua mawinguni?"

Kisha akaniuliza, "Kwani alianguka wapi?"

Nikainama. Nadhani alielewa, maana aliiweka kalamu chini. Kisha alisema jambo ambalo nimelishika: mwajiri anawajibika kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia kazini, awe na bima au asiwe nayo. Bima humsaidia tu kulibeba deni. "Lakini," akasema, "lazima awe alikuwa kazini. Hapo ndipo waajiri wote wanapokimbilia wakibanwa: hakuwa kazini."

Nilikwenda kumwambia mke wa Taratibu. Alikuwa amerudi kwenye cherehani yake. Alisikiliza bila kuinua mguu kutoka kwenye pedali, akauliza, "Hiyo sheria yako inanunua dawa lini? Wiki hii?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda, mwanangu. Nina nguo ya mtu hapa."

Siku hiyo sikujua nitasema nini. Nikisema kweli, bima hailipi na mjomba anafilisika, na Taratibu anaweza kukosa kote. Nikisema uongo, analipwa. Sijawahi kukutana na swali la namna hiyo darasani. Nimekasirika, Afande, na sijui nimkasirikie nani hasa, kwa maana kila mtu alikuwa na sababu yake na kila mtu alinieleza vizuri.

Mnamo tarehe 11, Jumatano, mjomba aliitwa hapa kituoni. Mama Mlezi alikuwa ameripoti siku ile ile ya ajali kwamba fundi ameangukia kwake, ilhali watu wa bima walikuwa wameambiwa ameangukia ghalani. Mjomba aliporudi ofisini alifunga mlango. Alisema ile ya ukutani imekufa, sasa yamebaki maelezo mengine: kwamba Taratibu aliondoka saiti mwenyewe bila ruhusa, akaenda kwa Mama Mlezi kutafuta kibarua chake binafsi.

Nikasema, "Mjomba, mimi ndiye niliyeshika simu."

"Ulishika simu. Hukunishika mdomo."

"Lakini nilisikia."

"Ulisikia namwambia nini? Namwomba. Nilikwambia toka mwanzo, viraka ni heshima. Mtu akienda kwa heshima, amekwenda mwenyewe." Kisha sauti ikamshuka. "Wataninyang'anya kila kitu, mama. Na wewe utafanya kazi wapi? Na mama yako?"

Huwa ananiita "mama" akinibembeleza, tangu nikiwa mdogo. Nilitoka nje nikakaa juu ya mifuko ya mchanga.

Uongo wa kwanza ulikuwa unampa Taratibu kitu. Huu wa pili ulikuwa unamnyang'anya hata kile alichosema wakala. Hapo sikuwa tena na la kupima.

Jana, Alhamisi, nilikwenda hospitali saa za kuona wagonjwa. Taratibu amelazwa kitanda cha karibu na mlango, mguu umefungwa uzito unaoning'inia. Aliponiona akasema, "Karani! Umeniletea skrubu?" Nikaanza kulia, akasema, "Taratibu, taratibu."

Nikamweleza anavyotaka kusema mjomba. Aliuangalia ule uzito. Kisha akasema, "Bosi wako nimemwezekea nyumba yake. Nimemzikia baba yake. Akisema niliangukia mwezini, nitanyamaza, maana anatafuta pa kunitolea dawa. Lakini akisema nilitoroka kazi..." Alinigeukia kadiri alivyoweza. "Mimi sijawahi kutoroka kazi. Sema tu ulichoona, Karani. Na uongee kwa sauti, maana wewe watu hawakusikii."

Mkewe alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda. Hakuniangalia, lakini nilipoinuka alinisogezea kiti nipate kupita.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na mjomba wangu. Sina. Ameniuliza kama nimeahidiwa chochote na familia ya fundi. Sijaahidiwa. Ameniuliza kama naelewa kwamba kwa maelezo haya bima ya mradi huenda isilipe. Naelewa. Nililielewa kabla ya watu wote, tangu mwezi wa pili, na kuelewa kwangu hakukumsaidia mtu.

Ninachoomba ni kwamba yaandikwe yote mawili pamoja, yasitenganishwe: kwamba aliangukia kwa Mama Mlezi, si ukutani, na kwamba alitumwa na mwajiri wake, akaacha zege ya mwajiri wake, akapanda kuziba mfereji wa mwajiri wake kwa skrubu nilizonunua kwa agizo la mwajiri wake. Mtu akichukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili, atakuwa amesema uongo kwa kutumia maneno yangu.

Nimeyaandika haya kwa hiari yangu, na niko tayari kuyarudia mahakamani, hata kama nitatakiwa kuyasema kwa mdomo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Shahidi alifika kituoni peke yake. Ameandika kwa mkono wake mbele yangu, nami nikamsomea yote kwa sauti, akakubali kuwa ni sahihi. Nimekagua viganja vyake na kuona michubuko ya siku chache. Kumbukumbu za simu za mkandarasi zimeombwa.

Baada ya kusaini, shahidi aliuliza kama anaweza kupigia mstari sehemu inayosema fundi alitumwa. Nilimweleza kwamba maelezo hayapigiwi mstari. Akauliza kama basi anaweza kuongeza neno. Nikamruhusu, mradi atie sahihi tena. Ameandika, na akaomba nimsikilize akilisoma mwenyewe. Amelisoma, na limesikika hadi kaunta:

Alikuwa kazini.

(Sahihi ya shahidi)
(Sahihi ya afisa)